Tukubaliane Kabla ya Krismasi

Ndugu zangu, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana na watoto mliokuja na wazazi wenu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nashukuru kupewa nafasi hii wiki kadhaa kabla ya sikukuu. Mazungumzo kuhusu taka za Krismasi yakifanyika Januari yanakuwa majuto tu. Yakifanyika sasa yanaweza kubadilisha jambo, maana karibu kila kitu kinachoifanya Krismasi iyaelemee mazingira huamuliwa kabla tarehe 25 Desemba haijafika: kitapikwa chakula kiasi gani, zitanunuliwa zawadi ngapi, mti utakuwa wa aina gani, nani atasafiri na kwa chombo gani. Siku yenyewe ikifika tunatekeleza tu tuliyokwisha kuyaamua.

Naomba mnielewe tangu mwanzo. Sikuja kuipiga vita Krismasi. Ni sikukuu ninayoipenda kwa moyo wote: ibada ya mkesha, nyimbo ambazo bibi na mjukuu wanazijua kwa moyo na kuziimba pamoja, ndugu waliopoteana mwaka mzima kukaa tena meza moja. Hayo hayachafui mto wala hewa. Kinachochafua ni vile tulivyovirundika kandokando yake, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuvizungumzia.

Nimefikiri sana kwa nini tunavirundika. Wapo wanaosema ni tamaa, wapo wanaosema ni kutojua. Mimi nikizitazama familia ninazozifahamu, naona sababu kubwa kuliko zote ni woga wa aibu. Mama anapika chakula cha watu arobaini ilhali wageni ni ishirini, kwa kuwa anaogopa sufuria ikwanguliwe mgeni akiwa bado ameshika sahani. Mjomba ananunua zawadi asiyojua itamfaa nani, kwa kuwa asipofika na mfuko mkononi ataitwa bahili. Mzazi anamwongezea mtoto kifurushi cha tano kwa kuwa binamu yake amepata vitano. Na ukimvuta pembeni kila mmoja wao, atakuambia angefurahi kupunguza, ila hataki kuwa wa kwanza. Ndiyo maana ombi langu leo ni moja: tukubaliane. Tukubaliane mapema na kwa sauti, nyumbani, katika jumuiya na katika ofisi zetu, ili kupunguza kusiwe fedheha ya mtu mmoja.

Nianze na chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2024 kuhusu chakula kinachotupwa duniani. Mwaka 2022 pekee zilitupwa tani bilioni 1.05. Hiyo ni asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia walaji, yaani karibu sehemu moja kati ya tano. Wengi tukisikia takwimu kama hizi tunazifikiria hoteli kubwa na maduka makubwa. Ripoti hiyo inaonyesha kwamba asilimia 60 ya chakula hicho, tani milioni 631, ilitoka majumbani. Ilitoka jikoni kwako na kwangu. Na katika dunia hiyohiyo watu milioni 783 walikuwa wanakabiliwa na njaa. Chakula kinachopotea tangu shambani hadi mezani kinachangia kati ya asilimia 8 na 10 ya gesi zote zinazoipasha dunia joto kutokana na shughuli za binadamu.

Inafaa kujua madhara yanapita njia gani. Kabla sahani haijafika mezani, kuna ardhi iliyolimwa, maji yaliyomwagiliwa, mbolea iliyotengenezwa kiwandani, mafuta ya lori lililosafirisha, umeme wa majokofu na moto wa kupikia. Ukitupa chakula umetupa vyote hivyo. Kisha chakula kinaanza madhara mapya. Kikifika dampo kinafunikwa na taka nyingine, kinakosa hewa, na bakteria wanaoozesha vitu pasipo na oksijeni hutoa gesi ya methani. Kwa kipimo cha miaka 100, methani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, na kwa kipimo cha miaka 20 tofauti hiyo hufika mara 80 hivi. Wali, mkate au mboga iliyooza chini ya rundo la taka si kitu kilichorudi udongoni salama, kama wengi tunavyodhani.

Sasa tufanyeje? Kwanza tuhesabu watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na chakula cha sikukuu ni mali. Wiki moja kabla, ulizeni nani anakuja na nani haji, na mkubaliane kwamba anayesema anakuja atakuja, na aliyebadili mawazo atatoa taarifa. Mwenyeji anayejua kwamba wageni ni kumi na wanane hahitaji kukisia. Pili, pakueni kidogo kidogo. Sahani ndogo na mwiko mdogo hufanya kazi kubwa, hasa kwa watoto, ambao macho yao hushiba baada ya tumbo. Anayetaka tena aongezwe. Tatu, mwambieni kila mgeni aje na chombo chenye mfuniko, na mseme hivyo kwenye mwaliko, ili kuondoka na chakula kuwe sehemu ya karamu na mtu asione haya kuomba.

Kisha kuna kiporo. Chakula kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto kali muda huo ni mfupi zaidi. Kigawanyeni kwenye vyombo vifupi, vipana, ili kipoe haraka, ndipo kiingie kwenye friji. Sufuria kubwa iliyojaa hubaki na joto katikati kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu huzaliana. Wakati wa kula, kipashwe moto mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Ninaeleza mambo haya madogo kwa sababu chakula kingi cha Krismasi hakitupwi kwa kuwa watu hawakitaki. Hutupwa tarehe 26 kwa kuwa kililala nje na sasa kinanuka. Maganda na mabaki ya mboga yaende kwenye mboji, mahali panapopata hewa na kugeuzwageuzwa, ambapo hayatatoa methani kama yanavyofanya dampo.

Kuna suala la nyama pia, na sitalikwepa. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe inatoa gesi nyingi mara kadhaa kuliko kilo ya kuku, na mara nyingi zaidi kuliko kunde au maharage, kwa sababu ng'ombe hutoa methani anapocheua na anahitaji ardhi kubwa ya malisho. Simwambii mtu asile nyama siku ya sikukuu. Nasema kwamba aina tatu za nyama katika mlo mmoja zimewekwa pale kwa ajili ya macho. Mkikubaliana iwe moja, iliyopikwa vizuri, na mboga ziwe nyingi na tamu, sidhani kama kuna atakayeondoka na njaa.

Lakini mwenye kuanzisha maneno hayo ni nani? Nawaomba vijana mliokwisha kuwa na kazi mbebe jukumu hili. Mpigieni mama simu. "Mama, shikamoo. Nimekuwa nikiwaza kuhusu chakula cha Krismasi. Naona kila mwaka unachoka, na kingine tunakimwaga. Mwaka huu naomba tugawane: mimi nilete mboga, kaka alete matunda, wewe upike kile tunachokisubiri mwaka mzima. Na nikiwa nimeshakuuliza, nitawaambia shangazi na wengine waje na vyombo vya kubebea." Msikilize atakachosema. Mara nyingi alikuwa anasubiri mtu amwondolee mzigo huo.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Ushauri mwingi wa kutunza mazingira nyumbani humwangukia mwanamke. Yeye apange, yeye apike, yeye aoshe vyombo badala ya kutumia sahani za kutupa, yeye atenganishe taka. Hapo hatujalinda mazingira, tumemwongezea mtu mmoja kazi. Kama mnakubaliana kuacha sahani za plastiki, mkubaliane pia, kwa majina, akina baba na vijana gani wataosha vyombo. Yaandikwe.

Niende kwenye zawadi.

Wahenga walituambia: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha utafiti uliotokana na maswali aliyowauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale kuhusu zawadi walizopokea Krismasi. Aliwataka wakadirie zile zawadi ziligharimu kiasi gani, na kwao zina thamani gani. Jibu lilikuwa kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tatu ya thamani ilipotea njiani. Zawadi za marafiki na wapenzi zilishika thamani vizuri zaidi, kwa kuwa wanajuana. Zilizopoteza sana zilikuwa za ndugu wa mbali, wanaotoa kwa wajibu bila kujua mpokeaji anahitaji nini. Yeye alikuwa anapima fedha. Mimi nikiisoma hesabu hiyo naona kiwanda, kontena na dampo: kitu kilichimbiwa madini, kikatengenezwa, kikasafirishwa, kumfikia mtu asiyekitaka.

Tukitazame kitu kimoja kwa karibu. Chukua gari dogo la kuchezea, lenye taa na king'ora. Limekaa ndani ya boksi la kadibodi lenye dirisha la plastiki angavu lililogandishwa kwa gundi, kwa hiyo kadibodi na plastiki haviachani kirahisi. Ndani limefungwa na vijiwaya vinne vilivyovishwa plastiki, vimesokotwa nyuma ya kadi. Mtoto hawezi kuvifungua, baba anatafuta mkasi. Gari lenyewe ni vipande viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa joto, hakuna skrubu, maana yake likiharibika halifunguliki. Katikati kuna mota ndogo yenye waya wa shaba na sumaku, spika ya ukubwa wa sarafu, kibao cha elektroniki kilichochomelewa, na betri tatu za kitufe. Betri zikiisha, mlio unakufa. Waya ukikatika, hakuna fundi atakayeingia ndani bila kulivunja. Shaba ile, sumaku ile, risasi ya kuchomelea, vyote vinaishia kwenye pipa moja na maganda ya ndizi. Na betri hizo za kitufe ni hatari nyumbani pia: mtoto mdogo akimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3 tu. Vifaa vidogo, vikiwemo vya kuchezea vya aina niliyoeleza, ni karibu theluthi moja ya uzito huo, na kwa vifaa hivyo vidogo urejelezaji ni mdogo zaidi, asilimia 12.

Ndiyo maana naomba tukubaliane kuhusu idadi. Familia ya watu wazima kumi na wawili, kila mmoja akimpa kila mwenzake, inanunua zawadi 132. Familia hiyohiyo ikiandika majina kwenye vikaratasi, kila mtu akaokota jina moja, zinakuwa 12. Kila mmoja bado amepokea kitu, tena kitu kilichofikiriwa, kwa kuwa aliyetoa alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwaza. Watoto muwaache nje ya kura hiyo mkipenda, lakini nao wawekewe kikomo ambacho wazazi, bibi, babu, shangazi na wajomba wote wanakijua. Mtoto mwenye zawadi mbili anazicheza. Mwenye kumi na mbili, tumeona wenyewe, anafungua ya tatu akiwa ameshaisahau ya kwanza.

Kitu kilichotumika ni zawadi halali. Baiskeli ya binamu aliyekua, ikipakwa rangi upya na kutiwa breki mpya, ni baiskeli. Kitabu kilichosomwa hakijapoteza hata neno moja. Cherehani ya mama iliyokuwa stoo kwa miaka, ikipelekwa kwa fundi na kurudi inashona, itamfurahisha kuliko kitenge cha kumi. Na kuna zawadi zisizo na uzito wowote: kumfundisha mtu kuendesha gari, kukaa na watoto wa dada yako Jumamosi nne ili apumzike, kumwandikia babu masimulizi yake ili wajukuu wayakute. Hizi hazihitaji kontena.

Mkinunua, nunueni mapema. Mzigo unaokuja kwa ndege kwa sababu umeagizwa dakika za mwisho hutoa kaboni makumi ya mara zaidi kuliko mzigo uleule ukija kwa meli umbali uleule. Kuchelewa kwetu kuna moshi wake.

Kabla sijafika kwenye mapambo, niwakumbushe tukio la mwaka 1223. Fransisko wa Assisi alikuwa anakaribia kusherehekea Krismasi katika kijiji cha Greccio, Italia. Alitaka watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao mtoto Yesu. Thomas wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, anasema wiki mbili hivi kabla ya sikukuu Fransisko alimwita mtu mmoja wa eneo lile aitwaye Giovanni, akamwomba aandae mambo machache: hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Basi. Watu walikuja usiku na mishumaa na mienge, ibada ikafanyika juu ya hori, wakaimba. Ng'ombe na punda walirudi zizini kwao. Nyasi zilitunzwa, baadaye wakalishwa wanyama.

Ninalipenda tukio hili kwa namna lilivyopangwa. Fransisko hakukurupuka. Alipanga mapema, akazungumza na mtu, akaazima vilivyokuwepo, na baada ya sherehe kila kitu kilikuwa na pa kwenda. Tangu hapo Wakristo wa karibu kila nchi wamekuwa wakijenga pango la Krismasi, na mwanzo wake ni vitu vya kuazima.

Tukija kwenye karatasi za kufungia zawadi, kuna jaribio rahisi. Ikunje karatasi kwenye ngumi, uibane, kisha uiachie. Ikibaki imekunjamana, huenda ni karatasi tupu na inaweza kurejelezwa, mradi umeondoa utepe na gundi ya plastiki. Ikijikunjua yenyewe, ina plastiki au foili ndani yake na kiwanda cha karatasi hakiitaki. Yenye vumbi la kumetameta hakiitaki pia. Vumbi hilo kwa kawaida ni plastiki nyembamba iliyopakwa alumini na kukatwa vipande vidogo kuliko punje ya mchanga. Haliokoteki, linaoshwa mikononi, linaingia mferejini, linafika mtoni. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku uuzaji wa vumbi la plastiki la aina hiyo lililo huru tangu tarehe 17 Oktoba 2023, kwa sababu hiyohiyo ya chembechembe za plastiki. Nasi tunaweza kujipigia marufuku wenyewe. Fungeni zawadi kwa kitambaa, kwa gazeti, kwa khanga ambayo yenyewe ni sehemu ya zawadi. Kitambaa hufungwa kwa fundo wala hakitaki gundi.

Kuhusu mti, watu huniuliza: wa asili au wa bandia? Jibu linategemea utaufanya nini baadaye. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti wa bandia wa mita 2 unabeba takriban kilo 40 za kaboni, nyingi zikitokana na plastiki iliyotumika kuutengeneza. Mti wa asili wa urefu huo ukiishia dampo unafika kilo 16, kwa sababu ya methani niliyoieleza. Mti huohuo ukisagwa kuwa matandazo ya bustani, au ukawa kuni, unashuka hadi kilo 3.5 hivi. Gawanyeni wenyewe: mti wa bandia lazima utumike Krismasi kumi na moja au kumi na mbili ili ulingane na wa asili uliomalizwa vizuri. Kwa hiyo ulio nao tayari usiutupe. Utunze, uunge tawi lililovunjika, utumie mpaka uchakae kabisa. Asiye nao asinunue wa plastiki. Apande mti kwenye chungu kikubwa aupambe kila mwaka, au apambe ule uliopo uani. Anayetaka wa kukata aununue kwa mkulima anayeipanda kwa kazi hiyo na kupanda mingine. Kuvamia msitu wa asili na kukata kichipukizi kwa ajili ya mapambo ya wiki mbili, hilo sina namna ya kulitetea.

Kanuni hiyohiyo iende kwa mapambo mengine. Siku hizi kuna bidhaa nyingi zinazouzwa kama rafiki wa mazingira, na mtu anatupa sanduku zima la mapambo ya plastiki ili anunue ya mianzi. Mapambo ya plastiki yaliyo kwenye sanduku lako yameshatengenezwa. Kuyatumia tena hakuongezi chochote. Na yale mavazi ya Krismasi ya familia nzima, mengi yakiwa ya poliesta, yanayovaliwa kwa ajili ya picha moja, mkikubaliana kuyaacha hakuna atakayeyalilia.

Taa za mti zina historia yake. Mwaka 1882, huko New York, Edward Johnson, aliyekuwa akifanya kazi na Thomas Edison, alipamba mti kwa balbu 80 za umeme, wakati watu wengine walikuwa wakibandika mishumaa kwenye matawi makavu na kuunguza nyumba. Balbu za zamani hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto. Mkufu wa balbu 25 za wati 5 kila moja unakula wati 125. Ukiwashwa saa 6 kila usiku kwa siku 30, umemaliza uniti 22.5. Taa za LED zitafanya kazi hiyo kwa chini ya robo ya umeme huo. Hata hivyo LED zimetufanya tuwashe nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, usiku kucha, nje ya nyumba, na mwanga huo unawapoteza wadudu na ndege wanaotegemea giza. Mnapokwenda kulala, zimeni.

Kuhusu safari nitasema machache. Kwa familia iliyotawanyika, safari inaweza kuwa na uzito kuliko zawadi zote zikijumlishwa, hasa ikiwa ni ya ndege. Siwezi kumwambia mtu asiende kumwona mama yake. Ninachoomba ni kwamba ndugu wanaotoka mji mmoja wasije na magari matatu yenye mtu mmoja mmoja, kwamba basi au treni ikiwepo ipewe nafasi ya kwanza, na anayesafiri mbali akae siku nyingi zaidi badala ya kwenda mara mbili.

Wale wenye madaraka katika makanisa, shule na ofisi, kwenu nina neno la pekee, kwa kuwa ninyi mnaweza kuondoa aibu kwa tangazo moja. Ofisi ikisema mwaka huu hakuna vikombe na kalenda zenye nembo, hakuna mfanyakazi atakayejiona amenyimwa, na mkitaka mwape siku moja ya mapumziko zaidi. Shule ikisema zawadi za kubadilishana darasani ziwe za kutengeneza kwa mikono au za kurithi, mzazi asiye na uwezo naye anapumua. Usharika ukiweka tangi la maji na kuomba kila mtu aje na kikombe chake, maelfu ya chupa hazitanunuliwa. Na stoo ya kanisa inaweza kuwa mahali pa kuazimia: sahani, sufuria kubwa, viti, mikufu ya taa, mavazi ya igizo la watoto. Vitu vinavyotumika siku moja kwa mwaka havina sababu ya kununuliwa na kila nyumba.

La mwisho ni siku zile baada ya sikukuu. Vueni mti mapambo yote kabla ya kuupeleka kusagwa. Utepe mmoja wa kumetameta ukiingia kwenye mashine unaharibu matandazo yote. Betri kuukuu na mikufu ya taa iliyokufa iwekwe kando, ipelekwe inapopokelewa taka za kielektroniki, au ihifadhiwe pamoja mpaka mpate pa kuipeleka. Na msichome plastiki uani. PVC, aina ya plastiki inayotumika kwenye miti mingi ya bandia na nyuzi za kumetameta, ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayowasha mapafu, na sumu ziitwazo dayoksini zinazokaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya wanyama kwa miaka.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Dada wa kamati ya maandalizi ana karatasi ya kuandikisha vyombo vitakavyoingia kwenye stoo ya kuazimia, na ataipitisha kuanzia safu za nyuma. Wenye maswali, nawasikiliza.